Kauboi Alivuka Mnazi Mmoja

Wajukuu zetu wana hukumu moja juu yetu, na huitoa kwa upole kwa kuwa wamelelewa vizuri. Wanasema sisi tuliokulia baina ya Mchafukoge na Kariakoo katika miaka ya 1950 na 1960 tulikuwa waigaji. Tulivaa kofia pana za kauboi. Tulitembea tumetanua miguu kama watu walioshuka farasini, ilhali mnyama wa kazi mjini kwetu alikuwa punda. Tulipiga mluzi nyimbo za nchi ambayo wengi wetu tusingeweza kuionyesha kwenye ramani. Kijana mmoja mwenye duka la vitambaa Mtaa wa Uhuru, mtoto wa rafiki yangu, aliniamkia kwa adabu zote kisha akanieleza: "Baba mkubwa, ile ilikuwa kasumba tu." Nimeitafakari kauli yake. Nadhani inastahili jibu, na jibu litoke kwa sisi tulioyaona mambo yale, kwa sababu kila tukitoka kuzika Kisutu mashahidi wamepungua.

Sitaki kujitetea. Nataka kuufuata wimbo wenyewe wa kauboi hatua kwa hatua: ulitoka wapi, ulipita mikononi mwa nani, ulifikaje hapa kwetu. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, kwa kusoma na kwa kuuliza, na nilichokikuta njiani kimenibadilishia namna ya kukitazama kizazi changu.

Kwanza kijana wa leo auone mji ulivyokuwa. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliigawa Dar es Salaam kwa rangi za watu: Uzunguni kuelekea bahari, Uhindini katikati, Waafrika Kariakoo na Ilala. Baina ya Uhindini na Kariakoo paliachwa uwanja mtupu, ndiyo Mnazi Mmoja. Mchafukoge ilikuwa ng'ambo ya maduka, na nyumba zake za ghorofa zilikuwa na duka chini na familia juu, na roshani zilizoning'inia kanga na nguo za watoto. Tulivuka uwanja ule asubuhi kwenda kutumwa na jioni kurudi. Kuvuka jioni kwenda upande wa pili, bila mzigo wala barua ya mtu mkononi, lilikuwa jambo jingine kabisa. Na sinema zote kubwa zilikuwa upande wa pili: Avalon, Empire, Odeon, Empress, Cameo.

Serikali ya kikoloni iliweka bodi ya kukagua filamu, na kulikuwa na picha ambazo Mzungu na Mhindi waliruhusiwa kuziona, Mwafrika akakatazwa. Waliogopa tungejifunza bastola. Hata hivyo picha za kauboi zilitufikia kwa wingi, na ikitangazwa mpya habari ilienea Kariakoo nzima kabla ya adhuhuri. Tulikaa viti vya mbele kabisa, vya bei ndogo, shingo zimeinuka, na tulizungumza na picha kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkubwa wa filamu tulimwita steringi. Steringi hafi, hilo lilijulikana, lakini tulimwonya kwa sauti kila adui aliponyemelea nyuma ya pipa.

Wanaotuita waigaji hawajajiuliza tuliona nini katika steringi yule. Baba zetu, watu wazima wenye wake na watoto, waliitwa "boi" na vijana wa Kizungu wenye umri wa wana wao. Polisi walifanya misako mjini, na mtu asiye na kazi wala risiti ya kodi aliitwa mhuni, akapakiwa na kurudishwa kijijini kwao. Kisha unaingia gizani, unamwona mtu anakuja peke yake toka upeo wa macho, hana bwana, haulizwi karatasi, na mwenye mali anayewanyanyasa wanakijiji anapomtolea maneno ya dharau, hashushi macho. Mvulana wa miaka 12 hakuhitaji mtu wa kumfafanulia picha ile. Alipotoka nje alitembea vile alivyotembea steringi, akavuka Mnazi Mmoja kwa mwendo ule ule hadi kwao Mtaa wa Sikukuu. Mimi nasema mwendo ule ulikuwa na maana kuliko mikutano mingi.

Na wengi wa steringi wale waliimba. Gene Autry wa Texas alianza kuonekana kwenye filamu mwaka 1934, na kuanzia hapo Hollywood ikatengeneza jeshi la makauboi wenye gitaa. Filamu zao zilikuwa za zamani zilipotufikia, mikanda imekatikakatika, lakini nyimbo zilisikika. Kuna namna ya kuimba iliyotushika kuliko zote: sauti inatoka kifuani, inaruka ghafla kwenda juu kooni, inarudi tena, kama inavunjika makusudi. Tuliizoea kwa kuisikia Mchafukoge, mlangoni kwa muuza santuri mmoja ambaye aliweka gramafoni karibu na kizingiti ili muziki uvute wateja. Hatukuwa wateja. Tuliketi barazani mpaka alipotufukuza, na hakutufukuza mapema.

Mwimbaji aliyeieneza sauti ile duniani alikuwa Jimmie Rodgers. Alizaliwa Mississippi mwaka 1897, na kazi yake haikuwa ng'ombe hata kidogo. Alikuwa mfunga breki wa treni. Kifua kikuu kilimtoa relini, akashika gitaa, na Agosti 1927 akarekodi kwa mara ya kwanza katika mji wa Bristol, kwenye mpaka wa Tennessee na Virginia. Katika miaka 6 iliyofuata santuri zake zilisambaa Marekani na kuvuka bahari. Aliimba nyimbo za reli, za mapenzi, za jela, na pia za kauboi, akapigwa picha amevaa kofia ile pana. Gene Autry mwenyewe alianza kazi kwa kumuiga. Mei 1933 Rodgers aliingia studio New York akiwa mgonjwa kiasi cha kuhitaji kitanda cha kupumzikia baina ya wimbo na wimbo, na siku chache baadaye akafariki, ana miaka 35. Hakuwahi kukanyaga Afrika.

Lakini mwaka 1950 alikuwepo Kapkatet.

Kapkatet iko kwa Wakipsigis, magharibi mwa Kenya. Mtafiti Hugh Tracey, ambaye mwaka ule alikuwa akizunguka Afrika Mashariki na mashine zake za kurekodi, na akapita pia Tanganyika, aliwakuta hapo wasichana wakiimba kwa kinubi cha kwao wimbo juu ya mtu anayeitwa Chemirocha. Tracey akatambua kwamba Chemirocha ni Jimmie Rodgers. Santuri zake zilikuwa zimefika vijijini kwa gramafoni, na jina likaingia katika ulimi wa wenyeji kama maji yanavyoingia mchangani. Kwa maelezo ya Tracey, Chemirocha alikuwa amekwisha geuka kiumbe cha ajabu, nusu mtu nusu swala, na wasichana walimhimiza acheze ule mchezo wao wa kuruka mpaka aruke nje ya nguo zake. Mwimbaji kiongozi aliandikwa jina lake: Chemutoi Ketienya. Wanaume nao walirekodiwa wakiimba juu ya Chemirocha kwa namna zao, kwa hiyo haikuwa mzaha wa wasichana wachache. Ulikuwa ni wimbo uliopata kabila.

Mara ya kwanza nilipoisikia rekodi ile nilikuwa mtu mzima, na nilinyamaza muda mrefu. Hakuna gitaa mle. Hakuna hata chembe ya mtindo wa Mississippi. Wasichana wale hawakumuiga Rodgers kwa lolote. Walimchukua, wakamvua, wakamvalisha ya kwao, wakamtia katika ngoma yao na kumwamrisha acheze. Anayetaka kuliita jambo hilo kasumba itambidi anieleze nani hapo anamtawala nani.

Niliendelea kurudi nyuma. Kama Rodgers alitufundisha sisi, yeye alifundishwa na nani? Baba yake alikuwa msimamizi wa vikosi vya matengenezo ya reli, na wanaosimulia maisha yake wanasema mtoto Jimmie alitumwa kuwapelekea maji vibarua wa vikosi vile. Wengi wao walikuwa Wamarekani Weusi. Waliimba wakati wa kuinua na kusogeza reli, mmoja akianzisha, wengine wakiitikia, na miguu na vyuma vikigonga pamoja. Huko ndiko alikookota mwanzo wa muziki wake. Mzee yeyote aliyewahi kuishi karibu na nyumba za reli Gerezani ataelewa mara moja, maana vibarua wa reli yetu na makuli wa bandarini waliimba hivyo hivyo, na sisi watoto tuliwasikia kabla hatujasikia santuri yoyote.

Chukua ala nayo. Banjo, ambayo Wamarekani wengi huihesabu kuwa sauti ya Mzungu wa mashambani, ilianzia kwa Waafrika waliopelekwa utumwani, waliotengeneza kwa vibuyu na ngozi ala zilizofanana na walizoziacha Afrika Magharibi. Ile sauti ya kuvunjika ina njia zaidi ya moja. Waimbaji wa milima ya Alps waliipeleka Marekani katika karne ya 19, na hilo ni kweli. Lakini Wambuti wa msitu wa Ituri, huko Kongo, wamekuwa wakiirusha sauti toka kifuani hadi kooni tangu enzi ambazo hakuna kitabu. Wachunga ng'ombe wenyewe je? Kazi yao, kamba zao na sehemu kubwa ya maneno yao walirithi kwa wachungaji wa Meksiko. Wanahistoria hukadiria kwamba karibu mtu mmoja katika kila wanne waliochunga ng'ombe kwenye zile safari ndefu za kutoka Texas baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe alikuwa Mweusi. Bill Pickett, aliyepata sifa kwa kumwangusha fahali kwa mikono, naye alikuwa kauboi Mweusi. Filamu za Avalon hazikutuonyesha hata mmoja. Tulikaa viti vya mbele tukimshangilia mtu ambaye nduguye mwenye rangi yetu alikuwa ameondolewa kwenye picha.

Usiku, kauboi aliimba ili kuwatuliza ng'ombe wasishtuke na kutimka gizani. Mkurya, Mmasai, Mgogo, Msukuma hahitaji kuambiwa habari hiyo na sinema.

Kuna wimbo mmoja wa kauboi ambao asili yake ilitafutwa mpaka mahakamani, na kisa chake nakiona kama somo letu hasa. Ni ule unaoitwa "Home on the Range". Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1930 ulikuwa ukiimbwa na kila redio ya Marekani, na kila mtu alidhani hauna mwenyewe. Mwaka 1934 mume na mke kutoka Arizona wakafungua kesi: walikuwa na wimbo uliofanana nao, waliouchapisha mwaka 1905, na walidai fidia ya dola 500,000. Walioshtakiwa walimtuma wakili, Samuel Moanfeldt, aende kuutafuta mwanzo wake. Alisafiri jimbo hadi jimbo. Kule Kansas alikuta wazee waliowahi kuwa wachunga ng'ombe na wawinda nyati, akachukua viapo vyao: waliuimba wimbo huo wakiwa vijana, miaka mingi kabla ya 1905. Mwisho ikafahamika kwamba maneno yaliandikwa na daktari mmoja wa Smith County, Brewster Higley, mwaka 1872, yakachapishwa na gazeti dogo la pale mwaka uliofuata, na muziki ukatiwa na rafiki yake mpiga fidla, Dan Kelley. Kesi ikafa. Mwaka 1947 Kansas ikaufanya wimbo rasmi wa jimbo.

Ona kilichomwokoa Higley: gazeti dogo la wilayani, na wazee waliokuwa bado hai wakaulizwa kwa wakati.

Sasa ona upande wa pili. Wimbo huo haukufika redioni moja kwa moja kutoka kwa Higley. Ulifika kwa sababu John Lomax, mkusanyaji wa nyimbo, aliunukuu kwa mtu mmoja San Antonio, Texas, akauchapisha katika kitabu chake cha nyimbo za kauboi mwaka 1910. Mtu huyo alikuwa Mweusi, mwenye kilabu cha pombe, ambaye ujanani alikuwa mpishi wa kambi katika safari za ng'ombe. Muziki unaojulikana duniani kote umepita kifuani mwake. Marekani inamkumbuka daktari, inamkumbuka mpiga fidla, inamkumbuka mkusanyaji. Mpishi mara nyingi anatajwa kwa kazi yake na rangi yake tu. Jambo hilo linaniuma kama linavyoniuma la jamaa zangu, na sababu nitaieleza.

Sisi tumefanya vile vile, na hatuna wa kumlaumu. Wimbo wetu uliosafiri kuliko nyimbo zote za Kiswahili ni "Malaika". Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba akauchukua, akauimba na Harry Belafonte katika sahani yao ya 1965, na Boney M wakauimba mwaka 1981. Lakini Adam Salim, Mtanzania, alishikilia kwamba aliutunga yeye akiwa Nairobi katika miaka ya 1940, kwa ajili ya msichana aliyeolewa na mwenye fedha. Wengine wakamtaja Lucas Tututu wa pwani ya Kenya. Hapakutumwa wakili kutembea Nairobi, Moshi, Mombasa na Kariakoo kuchukua viapo vya wazee wakati wazee wapo. Sasa mabishano yamebaki ya vijiweni, kila nchi ikivuta kwake, na waliokuwepo wamekwenda. Fadhili William alifariki mwaka 2001. Dunia nzima inaujua wimbo huo, na sisi wenye lugha yake tunashindwa kusema kwa kauli moja nani aliuimba kwanza.

Na hiyo ndiyo "Malaika", wimbo maarufu. Je, nyimbo za chini yake? Nakumbuka vijana wa Kariakoo waliotengeneza gitaa kwa galoni la mafuta na waya za breki za baiskeli, wakakaa jioni Mnazi Mmoja, karibu na ukumbi wa Arnautoglu, wakichanganya kila walichokisikia mchana. Mwanzo wa wimbo ulikuwa wa kauboi, katikati palikuwa na rumba ya zile santuri za Kikyuba zenye namba za GV, na mwisho wakamalizia kwa mdundo wa mdundiko wa Kizaramo. Walitunga kwa Kiswahili juu ya kodi ya nyumba, juu ya karani wa bandarini, juu ya binti wa Mtaa wa Kongo. Katika santuri zilizokuja kutoka Kongo tulimsikia Jean Bosco Mwenda, ambaye Tracey huyo huyo alimrekodi mwaka 1952 huko Likasi, akipiga gitaa kavu kwa vidole viwili na kuimba kwa Kiswahili cha Katanga. Vijana wetu walizimeza nyimbo zake kisha wakazitema zikiwa za Dar es Salaam. Hakuna aliyewarekodi vijana wale. Ninaweza kuwataja wachache kwa majina ya utani, na hayo ndiyo yaliyobaki: majina ya utani kichwani mwa mzee mmoja.

Hapo ndipo tofauti yangu na kijana wa duka la vitambaa inapokaa. Yeye anasema tulipokea mno. Mimi nasema tulipokea kama wanavyopokea watu wote wenye afya, kisha tukashindwa kuandika tulichokifanya na tulichokipokea. Sisi tuliofuata mdundiko mchana vumbini ndio hao hao tulioingia Avalon jioni, na hatukuona ugomvi. Ugomvi uliletwa na watu wazima.

Niseme kidogo juu ya hilo, kwa kuwa kizazi changu kilipita katikati yake. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisema kwa uchungu kwamba shule za kikoloni zilitufundisha dansi za Kizungu na kutufanya tuzionee haya ngoma zetu. Alisema kweli, na nilimpigia makofi. Lakini miaka ilivyokwenda, uchungu ule ukawa fimbo. Kuanzia Januari 1969 Vijana wa TANU walipita mitaani na Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na mwaka huo huo muziki wa soul ukapigwa marufuku hapa Dar es Salaam. Kofia ya kauboi ikaonekana nayo ni dalili ya ugonjwa. Wengi walizificha, wengine walizichoma. Pamoja na kofia kikaenda kitu kikubwa zaidi: watu waliacha kusimulia. Ukiambiwa ujana wako ulikuwa kasumba, hutawasimulia wanao. Nadhani ukimya huo umetugharimu kuliko kofia elfu, na kauli ya kijana wa vitambaa ni mtoto wa ukimya huo.

Ukimya huo umeacha pia makosa madogo madogo yanayoenea bila wa kuyasahihisha. Nimesikia mtangazaji kijana akieleza kwamba bendi ya Western Jazz ilipewa jina hilo kwa mapenzi ya filamu za kauboi. Bendi ile ilianzishwa hapa Dar es Salaam mwaka 1959 na watu waliotoka Nzega, na Nzega ilikuwa katika Jimbo la Magharibi. Mzee yeyote aliyecheza Saboso, mtindo wa bendi ile, angemwambia. Hakuulizwa.

Mambo ya zamani yakiandikwa, yanarudi kwa njia zisizotarajiwa. Mwanamuziki George Sibanda wa Bulawayo, mmoja wa wapiga gitaa waliosikika sana kusini mwa Afrika miaka ya mwisho ya 1940, alirekodiwa na Tracey akiimba "Guabi Guabi" kwa Kindebele. Mwaka 1964 Ramblin' Jack Elliott, mwimbaji wa nyimbo za kauboi, mzaliwa wa Brooklyn, aliurekodi wimbo huo kwa Kindebele kile kile kadiri ulimi wake ulivyoweza, akauweka katika sahani moja na nyimbo za Marekani. Kauboi akajifunza kwetu. Na Kapkatet nako kulifikiwa tena: kama miaka 65 baada ya Tracey, maktaba ya muziki aliyoianzisha, ILAM ya Afrika Kusini, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilizirudisha rekodi kwa Wakipsigis na kuwakuta hai wazee waliopiga muziki siku zile. Wakasikia sauti za ujana wao. Hilo liliwezekana kwa sababu moja ya wazi: mwaka 1950 mtu aliandika jina la kijiji na majina ya waimbaji pembeni ya rekodi.

Sinema zetu zimefungwa moja baada ya nyingine, video ilipoingia miaka ya 1980 na televisheni ilipofika Bara mwaka 1994. Wauza santuri wa Mchafukoge wamegeuka wauza simu na vipuri. Majengo yaliyoona ujana wetu yanavunjwa kila mwezi kupisha maghorofa, na sina ugomvi na maghorofa, watu lazima wakae. Ila majengo yakienda, alama zetu za kukumbukia zinakwenda pia. Mzee hukumbuka akipita mahali: hapa palikuwa na gramafoni, pale alikaa fulani na gitaa lake. Mahali pakibadilika, jina nalo linapotea kinywani.

Kwa hiyo nina ombi, na nalitoa kwa wajukuu wote wanaotuita waigaji, akiwemo yule wa Mtaa wa Uhuru ambaye nampenda kama mwanangu. Jumapili hii mketishe babu au bibi yako, washa simu yako irekodi, na umuulize: wimbo gani uliupenda ukiwa na miaka 15? Ulijifunza kwa nani? Mtaa gani, nyumba ya nani, mwaka gani? Nani alipiga gitaa? Usiridhike na jina la utani, omba jina la baba yake pia. Kama kuna santuri darini, usimpe muuza chuma chakavu. Andika kwenye karatasi zilikonunuliwa na nani aliyezicheza, uibandike kwenye jalada, kisha uzipeleke panapotunzwa, iwe maktaba ya TBC, iwe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iwe chuo cha sanaa cha Bagamoyo. Ukikuta mzee anasitasita kwa kuona haya, mwambie humuulizi ili kumhukumu. Na kama huna babu wala bibi, njoo kijiweni kwetu Kariakoo baada ya sala ya alasiri. Tupo wachache, na bado tunakumbuka.